Ngozi Isiyo na Kovu

Vijana mnaokuja kupiga hodi kibarazani kwangu mkisema mnataka kujifunza kazi ya ngozi kwa kujifurahisha tu, karibuni, ila jueni kwamba sijawaamini bado. Miaka yote niliyoshona makubadhi, mikoba na mikanda hapa Bagamoyo sikumwona mtu aliyeamka asubuhi akasema leo nitajifurahisha kwa kukwangua mafuta kwenye ngozi ya mbuzi yenye inzi. Sisi tulianza kwa sababu ya njaa. Kwa hiyo akinijia kijana ananukia manukato, akaniambia, "Babu, nataka kitu cha kutuliza akili," mimi kwanza nachungulia nyuma yake kama kuna mwenzake anayetupiga picha.

Naitwa Mwinshehe. Kushona nimeacha, mikono inatetemeka. Kushuku sijaacha, na sidhani kama nitaacha, maana ndiko kulikoniweka mjini. Aliyenifundisha kushika kisu, Mzee Kondo, Mungu amrehemu, alikuwa akisema fundi wa ngozi asiyeshuku aende akashone viroba. Nilikuja kuona baadaye kwamba hata mimi alinishuku mpaka siku niliyotoka kwake. Nilipoaga alinipekua mfuko, akakuta donge dogo la nta, akanirudishia huku anacheka. "Chukua," akasema. "Nilitaka tu nijue umebeba nini."

Tuanze na vifaa, kwa sababu hapo ndipo mnapoibiwa kwanza. Mtu akikuuzia kisanduku kizima chenye vyuma vinavyometa, mshuku. Unahitaji kisu kikali, msharasi wa kutobolea, sindano mbili zenye ncha butu, uzi, donge la nta ya kuupitisha uzi usikatike, na kibao cha kukatia. Basi. Hivyo vingine vyote utavinunua siku utakapojua kwa nini unavitaka. Na kisu ukinoe mwenyewe. Kisu butu ndicho kinachokata vidole, kwa sababu unakilazimisha, nacho kinaponyoka. Nina kidole hapa kinachoweza kutoa ushahidi.

Halafu ngozi yenyewe. Siku hizi ngozi bandia imekuwa nzuri kuliko ngozi, na hiyo ndiyo dalili. Igeuze nyuma uone kama kuna nyuzinyuzi au kuna kitambaa. Inuse. Choma kipande kidogo: ya kweli hunuka nywele zilizoungua, ya uongo hunuka ndoo ya plastiki. Lakini mimi hata kiberiti sihitaji. Naipapasa natafuta makosa. Mnyama aliyeishi ameumwa na kupe, amechomwa na miiba, amekwaruzwa na seng'enge, na kovu lake likishaingia kwenye ngozi halitoki, hata uiloweke, uikwangue, uitie rangi. Ukiletewa ngozi laini kila mahali, haina hata alama moja, usifurahi. Uliza maswali.

Na swali moja msilisahau. Nilipokuwa kijana nilinunua ngozi ya mbuzi kwa mtu mmoja wa njiani, pana na nzuri, nikaileta mbio kwa Mzee Kondo nikitegemea sifa. Akaishika juu dhidi ya mwanga wa mlango. Upande wa nyama kulikuwa na mistari myeusi iliyotawanyika, mishipa ambayo damu yake haikutoka.

"Huyu hakuchinjwa," akasema. "Huyu kafa na damu yake. Ni kibudu."

"Mwenyewe kaniapia kwamba kachinja."

"Atakuapia mpaka jioni. Ukitaka kujua kama mbuzi alichinjwa, usiulize nani alimchinja. Uliza nyama yake ililiwa na nani."

Nilirudi kumwuliza yule mtu. Sikumkuta, na sikumwona tena.

Mtaniambia ngozi ikishatiwa dawa inatoharika. Kweli, nami nimesoma chuo cha Kurani kama ninyi. Lakini mtu anayekuficha mbuzi alikufaje atakuficha na mengine.

Sasa niwasimulie ya Zuhura, kwa sababu nyote mnamwona hapa na mnadhani alianza vizuri.

Zuhura anauza kwenye duka la dawa kule Kerege. Alikuja Jumamosi moja, akaamkia vizuri, "Shikamoo babu," nikaitikia, akaniambia anataka kujifunza.

"Unataka kufungua biashara?"

"Hapana babu. Ni hobi tu. Kazini kuna stresi nyingi."

Nikamtazama. Nikajiuliza nani kamtuma. Kuna wafanyabiashara wa mikoba ya watalii ambao kwa muda mrefu wamekuwa wakiutamani mkato wangu wa makubadhi, ule niliopewa na Mzee Kondo, nami nikaamua huyu ni jasusi wao. Nikampa kazi chafu kupita zote, kukwangua nyama na mafuta, ili akimbie. Hakukimbia. Alikuja Jumamosi iliyofuata na glavu za dukani kwake, na mimi shaka ikanizidi badala ya kupungua.

Wakati huo Mzee Kondo alikuwa mzee sana, hatoki nje. Idd ya kuchinja ikamkuta angali na nguvu ya kushika kisu, akamchinja mbuzi wake wa udhiya kwa mkono wake, akaichuna ngozi mwenyewe, akaipaka chumvi. Haikuchukua muda, akafariki. Mkewe, Bi. Mwanahawa, akaniletea ile ngozi imekunjwa ndani ya kiroba.

"Shikamoo mama," nikasema. Mimi ni mzee, lakini yeye ni mke wa mwalimu wangu.

"Marahaba baba. Nataka unitengenezee mkoba wa msahafu wake. Tunamsomea hitma mwezi ujao, nataka msahafu utoke ndani ya ngozi hii. Kachinja mwenyewe, ndiyo ibada yake ya mwisho." Akaikunjua, akanishika kidole, akakiweka begani mwa ngozi. "Hapo. Umelisikia kovu? Mbuzi alijikwaruza kwenye seng'enge. Mzee kamwuguza kwa manjano na mafuta ya ufuta utadhani kamzaa yeye. Vipande vitakavyobaki chukua wewe, ndiyo ujira wako."

Nikakataa. Ngozi ya udhiya haiuzwi, wala halipwi nayo mtu aliyeifanyia kazi. Inatolewa bure au inatumiwa na mwenyewe. Hilo nalo mlijue, maana baada ya kila Idd mnaniletea ngozi za majumbani mkitaka mtengeneze pochi za kuuza. Nikamwambia nitaifanya bure, kila kipande kitarudi kwake.

Nikailoweka, nikaitia kwenye maji ya chokaa ilegee manyoya. Zuhura akayakwangua, akafanya vizuri, sikumwambia. Baada ya hapo ngozi lazima ioshwe chokaa yote itoke, maji mengi, ubadilishe tena na tena, ndipo iingie kwenye pipa la magome ya mkandaa. Magome yenyewe nayapata kwa wauzaji wa boriti za mikoko wenye kibali, wanaposafisha miti yao. Msiende kuyabandua wenyewe kule mikokoni, mtakamatwa na mimi sitakuja kuwatoa.

Siku ya kuosha, maji yakakatika mtaani kwetu. Kisima cha jirani kina chumvi. Zuhura akasema, "Babu, kwetu Kerege maji yapo. Niipe nikaioshe, Jumamosi nirudi nayo."

Sijawahi kuruhusu ngozi ya mtu itoke kwangu. Hata mke wangu nilimkataza kuzisogeza. Lakini hitma ilikuwa inakaribia, maji hayana dalili ya kurudi, nikaifunika kwenye ndoo nikampa. Alivyotokomea na ile ndoo kwenye bodaboda nilibaki mlangoni kama mtu aliyempeleka mtoto bwenini.

Jumamosi akarudi. Mimi nilikuwa nimekwenda maziko, nikakuta ameshaitumbukiza kwenye pipa na ameshaondoka. Sikuigusa. Magome yakafanya kazi yake, na siku nilipoitoa ili niongeze magome makali, nikaona upande wa nyama mistari myeusi imetawanyika. Mishipa yenye damu.

Nilikaa chini. Mzee Kondo atoe ngozi ya kibudu? Nikapeleka vidole begani kutafuta kovu. Begani laini. Nikadhani nimekosea bega, nikapapasa la pili, nikapapasa shingo, mgongo, ngozi nzima mpaka mkiani. Hakuna. Nilikuwa nimeshika ngozi ya mbuzi mwingine.

Msidhani nilikwenda kumkaba mtu. Mwenye shaka hapigi kelele, anatega. Zuhura alipokuja nikampokea kwa tabasamu, nikamwagizia chai, nikamwuliza katikati ya maongezi:

"Hivi, ulipokuwa unaosha, lile tundu dogo karibu na mkia, kisu cha marehemu kilipoteleza, hukulipanua?"

"Hapana babu. Nililiona, nikapita taratibu."

Tundu halikuwapo. Mzee Kondo hajatoboa ngozi tangu kabla sijazaliwa. Njia ya mwongo fupi, na yake iliishia pale pale kwenye kikombe cha chai. Nilimtazama anavyokunywa nikaona hamezi vizuri, na moyo wangu ukaniambia kauza. Kaipeleka kwa wale wa mikoba, wamempa kitu. Nilikasirika mpaka masikio yakaziba.

Kesho yake nikapanda basi kwenda Msata. Kuna Chande pale, ananunua ngozi kwa wafugaji wa huko juu mpaka Lugoba, na watengeneza ngoma wote wanakwenda kwake; anayetaka ngozi ya mbuzi kwa haraka haendi pengine. Tumejuana miaka mingi bila kuaminiana hata siku moja. Nikaitandika ile ngozi mbele yake.

"Hii ni yako."

Akaigeuza. "Ilikuwa yangu. Ni ngozi ya ngoma, niliiuza imekauka. Nani kakuharibia kwa magome?"

"Ulimwuzia nani?"

"Binti mmoja, mpole, alikuja na ndoo. Akaniuliza kama naweza kukinyoosha kilichomo ndani. Nikafunua. Mwinshehe, sijaona kitu kama kile. Ngozi imejikunja, imekuwa kama ukoko. Nikamwuliza uliifanyaje, akasema ilinuka, mama yake kalalamika, basi kaiosha kwa sabuni na maji ya moto. Nikamwambia, mwanangu, hii hukuiosha. Umeipika."

"Akasemaje?"

"Akakaa hapo kwenye gunia la chumvi akalia. Alilia mpaka wateja wakanitazama mimi. Nikampa hii aondoke."

Hasira yangu yote ikakosa pa kukaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwizi, nikamkuta mtu mwoga. Nikamwonea huruma, na kabla huruma haijakolea nikamkumbuka Bi. Mwanahawa na hitma yake. Ile ngozi hairudi. Mbuzi harudi, wala mchinjaji.

Nikasimama. Nilipofika mlangoni nikageuka. "Chande, na huyu wako, nyama yake ililiwa na nani?"

Chande akayatazama malori yanayopita njia panda. "Utakunywa chai?" akaniuliza.

Njiani kurudi shetani alikaa kiti cha pembeni yangu. Akaniambia: kovu unaweza kulitengeneza. Na ni kweli. Msumari wa moto, msharasi, upake magome, usugue na mafuta. Bi. Mwanahawa macho yake hayaoni vizuri, angepapasa, angelikuta, angefurahi, na hitma ingesomwa. Nilifika nyumbani nimeshapanga msumari gani.

Jumamosi Zuhura alipokuja hakukuta chai. Alikuta ngozi ya Chande imetandazwa mezani, upande wa mishipa juu. Akaitazama, akanitazama, akakaa chini sakafuni. Halafu akatoa ndani ya mkoba wake kitu kimefungwa kwenye kipande cha kanga.

"Babu, nisamehe. Ndoo ya kuoshea ilikuwa ndogo. Sehemu hii ilining'inia nje, haikuguswa na maji ya moto. Sikuweza kuitupa."

Kilikuwa kipande cha bega, hakizidi viganja viwili. Nikakipapasa. Kovu lilikuwapo, refu kama kidole, limeinuka kidogo.

"Babu," akasema kwa sauti ndogo, "haiwezekani tukalichora kovu kwenye hiyo nyingine? Bibi hatajua."

Nilishtuka, kwa maana ni kama alikuwa kwenye kiti kile cha basi. "Inawezekana," nikamwambia. "Mimi mwenyewe nimeliwaza njia nzima kutoka Msata. Na tukilichora, kila nikikupa kisu nitakuwa najua unajua kudanganya vizuri, na wewe utajua nani kakufundisha. Kesho anakuja. Utamwambia wewe."

Alitaka kunisihi, akaona uso wangu, akaacha.

Bi. Mwanahawa alikuja baada ya alasiri, msahafu ameufunga kwenye kitambaa cheupe. Zuhura alipiga magoti akamwamkia, na kabla hajaitikiwa vizuri akaanza kusema. Alisema yote: harufu, maji ya moto, Msata, uongo wa tundu. Hakujitetea. Mimi nilitazama ukuta.

Bi. Mwanahawa akauweka msahafu mapajani. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwinshehe. Ni huyu kweli, au umeharibu wewe ukamtuma mtoto wa watu abebe?"

Mimi! Maisha yangu yote nimeshuku watu, siku ile nikaonja inavyouma. Zuhura ndiye aliyenijibia, anaapa huku analia, hapana bibi, ni mimi, ni mimi.

"Lete hicho kipande."

Akakipokea, akakinusa. Akakipapasa kwa kidole gumba, polepole, kutoka ukingo mmoja. Kidole kikafika kwenye kovu kikasimama.

"Huyu ndiye," akasema.

Akacheka, na machozi yakimtoka. Akatuambia yule mbuzi alikuwa mwizi, kila asubuhi Mzee akiinama kumpaka manjano anamng'ata kofia, na Mzee anamtukana kisha anamwomba radhi kwa sababu ni mbuzi wa Mwenyezi Mungu. Nami nikalia. Nilikuwa sijamlilia mwalimu wangu tangu siku ya maziko.

"Kwa mkoba hakitoshi," nikasema.

"Nimeona. Mkoba nitaushona kwa kanzu yake nyeupe. Hiki kiwe ulimi wa kufungia. Mtu akitaka kufungua msahafu, apite kwanza hapa." Akamrudishia Zuhura kipande. "Utashona wewe."

"Bibi, mimi?"

"Nani mwingine? Mikono ya huyu si unaiona inavyotetemeka?"

"Na hii nzuri?" nikauliza, nikiionyesha ya Chande.

"Wapelekeeni wale wa mikoba ya watalii. Haina makosa yoyote, wataipenda."

Zuhura alishona ule ulimi mbele yangu, sindano mbili, nikikagua kila tundu. Alifumua mara nyingi, nyingine nilimfumulisha bila sababu. Siku ya hitma nilikaa karibu na mlango, nikaona msahafu unavyopokelewa mkono kwa mkono, na kila aliyeufungua kidole chake kiligusa lile kovu bila kujua ni nini.

Kwa hiyo, wanangu, maji baridi. Nimezunguka sana lakini ndilo nililotaka kuwaambia: ngozi mbichi haioshwi kwa maji ya moto, hata inuke namna gani, hata mama alalamike. Na ukiharibu, ulete kilichobaki siku hiyo hiyo, usiende Msata.

Bi. Mwanahawa amesema Idd ijayo atachinjisha yeye, kwa niaba ya mumewe, na ngozi yake anampa Zuhura bure, afanye atakavyo. Amemwambia mbele yangu ili nisikie. Zuhura siku hizi namwamini, na nimemwambia hivyo. Mbuzi ameshanunuliwa, amefungwa nyuma ya nyumba, na jana nilikwenda nikampapasa mwili mzima angali hai, nikajua kila kovu lake lilipo.